Upatu wa Mama Ulivyofika Rusimbi

Enzi zetu pale Ujiji ukisema upatu, kila mtu alijua unazungumzia ile sahani ya shaba inayopigwa arusini. Wa siku hizi, wao upatu ni kuchangishana pesa kwenye simu, na ukichelewa unatolewa kwenye grupu. Siwacheki sana, maana neno hilo hilo nusura liniue kwa presha.

Wetu ulining'inia ukutani chumbani kwa Mama. Tukishamaliza ugali wa muhogo na migebuka, vidole bado vyekundu kwa mawese, Mama aliutungua, nasi wasichana tukasimulia hadithi yake kwa zamu. Bibi yake Mama aliubeba kichwani kutoka Tabora. Mtumbwi ukapinduka katika mto Malagarasi, akaponea juu ya jabali, mtoto mgongoni, akaupiga upatu kwa jiwe mpaka watu wa ng'ambo wakasikia. Jiwe lile ndilo lililoubonyeza. Ukikosea hata kidogo, Mama anasema, "Rudi Tabora!" nawe unaanza upya huku usingizi umekulemea. Mimi nilirudi Tabora mara nyingi kuliko treni.

Nilipoolewa aliniambia, "Nikishindwa kuupiga, utakuwa wako." Nikangoja.

Mwaka huu Mama akaugua. Nasra, binti wa kaka yangu, ndiye aliyekuwa anamuuguza. Siku moja Mama akamwambia, "Upatu wangu mpe shangazi yako." Mtoto wa watu akaenda kwa kina mama wa kikundi kuuliza zamu ya bibi yake ni lini! Aliporudi mikono mitupu, akaanza kusafisha nyumba, maana wageni walikuwa wengi. Ile sahani kuukuu ya ukutani akampa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nilipofika nikaona msumari mtupu.

"Upatu uko wapi?"

"Shangazi, nimeuliza kote, wanasema bibi hachezi."

Kutoka kitandani Mama akamuuliza Nasra kwa sauti ndogo, "Shangazi yako ameshaupata?"

"Naufuata, Mama."

Nasra alipokiri ile sahani kampa nani, tukapanda bodaboda hadi Rusimbi, kwenye banda la mnunuzi yule wa vyuma. Nyundo tulizisikia kabla hatujaliona banda, na kila ilipogonga shaba nilijua ndio huo. Tukaukuta chini, umepasuka kutoka ukingoni hadi katikati. Nasra akakaa vumbini akalia. Sikumbembeleza. Nilikuwa na hasira hata kumtazama sikuweza.

Tuliporudi nyumbani nikamwekea Mama kitandani, akaupapasa. Kidole kikapita penye kibonyeo, kikafika kwenye ufa, kikakaa hapo.

"Nani?"

"Ni mimi, bibi."

Mama akamsukumia upatu. Kisha akasema, "Basi chukua wewe. Shangazi yako hadithi anaijua. Wewe sasa umo ndani yake."

Iliniuma, sitadanganya. Nilitoka nje nikalia peke yangu, mtu mzima na wajukuu wangu.

Mama ametutoka. Enzi zetu upatu ulilia ukasikika mpaka ufukweni. Leo ukipigwa unakoroma tu. Nasra huwasimulia watoto, na watoto husikiliza simu zikiwa mikononi. Anaanza vizuri, anauvuka mto, lakini akifika Rusimbi sauti inamkatika. Basi mimi, niliyeungoja upatu ule tangu nilipoolewa, nausogelea, naubana kwa mikono miwili usizidi kupasuka, namwambia apige.