Mfumo Unaoondolewa

Pale benki ya damu walimwita Bi Java, na jina lake halisi lilibaki kwenye faili la utumishi tu. Miaka kumi na tisa nyuma ndiye aliyeandika programu inayoufuatilia kila mfuko wa damu, tangu unapotoka kwa mchangiaji hadi unapotundikwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Aliiandika kwa Java, lugha ambayo wakati ule kila mtu wa kompyuta alikuwa akiikimbilia. Wenzake aliosoma nao walishahamia kwingine. Yeye alibaki katika chumba cha ghorofa ya chini, kati ya jokofu bovu na rafu ya fomu.

Kisha akaja mkuu mpya wa idara ya kompyuta. Hakuwa mtu wa kugombeza watu. Wiki ya pili tu alimwita.

“Dada, tuseme ukweli. Java imezeeka. Nikitangaza kazi, vijana hawaji.”

“Haijazeeka, bosi. Kila mwaka linatoka toleo jipya, na mashirika makubwa bado yanaitegemea. Kilichozeeka ni toleo letu. Sisi bado tuko la nane.”

“Na nani alituacha la nane?”

Bi Java alijua jibu. Ni yeye. Miaka sita nyuma alipewa kazi ya kuupandisha mfumo kwenye toleo jipya. Ndio mwaka mama yake alipopooza upande mmoja. Akaipiga kazi danadana: mwezi ujao, kisha mwezi ujao. Mama alipozikwa, tayari alikuwa anauogopa mfumo wake mwenyewe. Akigusa huku, kule kutaharibika nini? Akauacha, na hakuna aliyemwuliza.

“Nipe miezi minane niupandishe,” alisema.

“Kampuni imeshapatikana. Wataandika upya kwa lugha ya kisasa. Wewe waandikie kila unachokijua.”

Alijikaza, akaandika. Kurasa mia moja na kumi na mbili. Ukurasa wa sabini na moja ulihusu wagonjwa ambao miili yao iliwahi kuikataa damu ya kuongezewa, hata ikiwa ya kundi lao. Mtu wa aina hiyo akiombewa damu, mfumo ulizuia mfuko usitoke mpaka daktari wa maabara atoe idhini.

Siku ya makabidhiano wale wa kampuni walikuwa watatu, wote na simu mezani. Alipofika ukurasa ule alisema, “Hiki kipengele msikiache.”

“Tumekiona, mama,” mmoja alijibu bila kuinua kichwa.

Bi Java akafungua ukurasa uliofuata.

Mfumo mpya ukawashwa. Ulikuwa mwepesi, unapendeza macho, na wauguzi waliufurahia. Wiki ya nne, mtaalamu wa maabara, mama mmoja waliyezoea kula naye mchana, aliingia chumbani kwake akafunga mlango.

“Kuna fundi wa mabomba alipewa damu juzi. Aliwahi kuikataa huko nyuma, kwako ilikuwa imeandikwa. Mfumo mpya haukuzuia kitu.”

“Anaendeleaje?”

“Figo zimegoma.”

Siku ya nne fundi yule alifariki, akaacha mke na wazazi wake wote wawili.

Ripoti ya uchunguzi wa kifo hicho ilipotoka, ilisema taarifa za mgonjwa zilikuwa “zimehifadhiwa kwa namna ya kizamani”. Ukurasa wa sabini na moja haukutajwa. Bi Java aliisoma nyumbani, mezani kwa mdogo wake mshonaji, waliyekuwa wakiishi naye tangu msiba wa mama.

“Lakini dada, si ulisema?”

“Nilisema mara moja. Yule kijana akaniambia wamekiona, nami nikaendelea. Nilikuwa nimenuna. Nilitaka kikao kiishe.”

Mdogo wake alisimamisha cherehani, akamshika bega.

Wakubwa wakaamua mfumo wa zamani urudishwe kwa muda, mpaka ule mpya urekebishwe. Huo muda sasa una miaka miwili. Bi Java aliandika barua kuomba ruhusa ya kuupandisha mfumo kutoka toleo la nane, akaomba na mtu wa kumfundisha kazi. Alijibiwa kwamba haiwezekani kutumia fedha wala kuajiri kwa ajili ya mfumo unaoondolewa. Aliandika tena. Jibu lilikuwa lile lile, isipokuwa tarehe.

Macho yameanza kumsumbua, na amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, huifungua orodha ya waliowahi kuikataa damu na kuipitia jina kwa jina, ingawa programu hufanya kazi hiyo yenyewe. Mtaalamu wa maabara aliwahi kumwuliza nani ataipitia akishaondoka. Bi Java alimwambia hajui, akaendelea kusoma majina.