Kabichi Ambazo Hazikufunga

Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na miwili huzoea kudharau. Niliwadharau wanafunzi waliokariri bila kuelewa, nikawadharau walioelewa wakashindwa kuandika vizuri, nikawadharau zaidi wazazi waliokuja ofisini na kuku mkononi wakidhani kuku hubadilisha alama. Nilipostaafu na kurudi Nyansiongo, kwenye ekari tatu alizoniachia baba, sikuwa na wanafunzi tena. Nikawageukia majirani.

Huku kwetu wanaume hulima chai na mahindi, na hufuga ng'ombe. Mboga ni kazi ya wanawake. Mwanamume akionekana ameinama kwenye tuta la mboga, watu husema mkewe amemkalia. Wa rika langu hushinda kwenye kituo cha kupimia majani chai, wakibishana siasa hadi lori lifike, kisha lori likiondoka wanaendelea pale walipoachia. Niliketi nao siku tatu. Siku ya nne nilichukua jembe nikaenda kwenye kipande kilicho nyuma ya jikoni. Sikwenda kwa kupenda mboga. Nilikuwa nimechoka kusikiliza upuuzi.

Upande wa pili wa ua alikuwepo mwanamume mwingine aliyelima mboga. Alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, na kijiji kizima kilimwita Dereva. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne kabla ya mimi kurudi, akaacha matuta ya chinsaga, ile mboga chungu ambayo mama zetu huichemsha kwa maziwa. Dereva hakujua kulima, lakini hakuweza kuyaacha matuta yale yaote magugu, basi akaendelea nayo. Aliendelea nayo vibaya. Mbegu alizitupa kama mtu anayelisha kuku. Mistari yake ilipinda. Mbolea alipima kwa kiganja, na samadi aliimwaga ikiwa bado mbichi, inatoa moshi.

Asubuhi yangu ya kwanza alinitazama kwa muda kupitia pengo la ua, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hiyo kamba yenye mafundo ni ya nini?"

"Ya kupimia nafasi," nilimjibu. "Sentimita sitini kwa arobaini na tano."

"Na mmea usipojua hesabu?"

Nilivuta kamba hadi kwenye shimo lililofuata. Nilimwona mtu wa kawaida sana.

Hata hivyo alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Alipita pale kwenye pengo, akapindua mtungi wa plastiki, akauketia, akaanza kueleza habari za shamba lake. Maharagwe yameota. Maharagwe yameliwa na konokono. Fuko amepita chini ya viazi vitamu, ukivuta shina linakuja peke yake. Mimi nami nilimweleza habari za kwangu, kwa sauti ile niliyotumia darasani, na yeye alisikiliza akitafuna kijiti. Mke wangu alikuwa akituletea uji, vikombe viwili, bila kuuliza kama mgeni yupo. Nilijiambia kwamba namvumilia tu. Lakini asubuhi moja alipokwenda Keroka kutibiwa jino, nilijikuta nikitazama lile pengo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu anayevumilia.

Yeye ni Mkatoliki, mimi ni Msabato. Jumamosi, siku tusiyoruhusiwa kufanya kazi, nikiwa kanisani, alivuka ua na kunyunyizia miche yangu maji. Sikumwomba. Sikumkataza pia, na jambo hilo sikumwambia mchungaji.

Mwezi wa Mei niliamua kupanda kabichi. Kanisani tulikuwa tunajiandaa kwa makambi ya Agosti, ile mikutano ya juma zima ambapo waumini hukaa na kula pamoja, na nilisimama mbele ya watu wote nikaahidi kabichi sitini. Ningeweza kuahidi ndizi kama mtu yeyote. Lakini nilitaka waone kile ambacho akili inaweza kufanya kwenye udongo. Miche niliinunua Keumbu, kwa mwanamke aliyeipanga kando ya barabara juu ya gunia lenye maji. Nilimuuliza maswali mengi kuhusu aina na muda wa kukomaa. Alinijibu yote haraka, akiwa ameshanigeuzia mgongo, anamhudumia mteja mwingine. Nilimwona hana elimu ya biashara.

Nilipanda kwa kamba. Mistari yangu ilikuwa imenyooka kiasi kwamba watu waliokwenda kuchota maji walisimama kutazama. Dereva naye alikuja, akazunguka tuta zima, akainama, akashika jani moja kati ya vidole viwili.

"Umenunua wapi?" aliuliza.

"Keumbu."

"Mm," akasema, akaenda kuketi kwenye mtungi wake.

Juma la tano mvua ya mawe ilipiga. Huku inakuja mchana, baada ya jua kali, na mtu ana dakika chache tu tangu upepo ubadilike. Nilitoka mbio na magunia mawili, yasiyotosha chochote. Dereva alikuwa tayari ameshavuka ua, ameburuta turubai kuukuu la lori, kubwa kama paa. Tulilishika huku na huku tukalifunika tuta langu, tukakanyaga pembe zake, mawe yakitupiga vichwani. Alikuwa ameweka sufuria kichwani. Mimi sikuwa na kitu. Mvua ilipokatika tulisikia maji yakitiririka kila mahali, tukafunua turubai. Mimea yangu ilikuwa salama, jani kwa jani. Kisha tukaenda kutazama upande wake. Maharagwe yalikuwa yamebaki vijiti. Chinsaga ilikuwa imelala kwenye matope.

"Ungefunika ya kwako," nilimwambia.

"Turubai ni moja," alisema.

Nilimshukuru, lakini moyoni nilifikiri: huyu ni mjinga, ndiyo maana hana kitu. Naandika hivi kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Juni ikaisha. Kabichi zangu zilirefuka. Majani yalikuwa mapana, ya kijani kilichokolea, mazuri kweli, lakini katikati hazikufunga vichwa. Nilisoma kitabu. Nikaongeza mbolea. Nikapunguza maji. Nikamweleza Dereva kwamba kuna aina zinazochelewa, kwamba baridi ya huku kwetu Borabu huzirudisha nyuma, na kwamba hali hiyo ina jina lake kwa Kiingereza. Nilimweleza kwa urefu, asubuhi kadhaa. Alisikiliza na kijiti chake mdomoni. Mara moja tu aliuliza, "Na zisipofunga kabisa, Mwalimu, hutazila?" Nilimwambia swali hilo ni la mtu asiye na subira.

Majuma mawili kabla ya makambi, mama aliyesimamia jiko la kanisa alikuja na wenzake wawili kuziona, ili wajue watapika nini siku gani. Niliwapeleka nyuma ya jikoni. Nilitembea mbele, mikono mgongoni, kama nilivyotembea nikionyesha ubao.

Mama yule alitazama. Akatazama tena. Alikuwa mtu mwenye adabu, na niliona akitafuta maneno.

"Mwalimu," akasema, "hizi ni sukuma."

"Ni kabichi zilizochelewa."

"Mwalimu, mimi nauza sukuma Keroka tangu nimeolewa. Hizi ni sukuma wiki. Ni nzuri sana. Lakini ni sukuma."

Wenzake walitazama chini. Mmoja alijifunika mdomo kwa leso, mabega yake yakatikisika.

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kituo cha majani chai. Wale niliowakimbia kwa upuuzi wao walipata mada iliyowatosha hadi Septemba. Nilipita njiani nikasikia mtu akisema kwa sauti ya darasani, "Sitini kwa arobaini na tano," na wengine wakacheka hadi wakashika miti. Mtu aliyekulia kijijini, aliyekula sukuma tangu aote meno, ameshindwa kuitambua kwa sababu hakuitarajia. Ningekuwa mmoja wao, ningecheka kuliko wote.

Lakini si wao walionichoma. Kesho yake Dereva alipokuja na kupindua mtungi, nilimuuliza, "Ulijua?"

Hakujifanya hajaelewa. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile uliyopanda."

"Na siku ya mvua ya mawe? Uliacha maharagwe yako yafe ukafunika sukuma?"

"Nilifunika shamba lako."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alitoa kijiti mdomoni. "Ulikuwa na furaha, Mwalimu. Ulikuwa unakuja hapa asubuhi unazihesabu. Nikasema, sukuma nayo ni chakula, atajua akijua."

Ningeweza kustahimili dharau. Dharau naielewa, nimeitumia maisha yangu yote. Lakini mtu niliyemwona hana akili alikuwa amenihurumia kwa miezi miwili, kila asubuhi, akinisikiliza nikisomesha juu ya kabichi za baridi, na hakucheka hata mara moja. Nilimwambia asivuke ua tena. Alisimama, akaurudisha mtungi mahali pake, akaondoka.

Makambini sikwenda siku ya kwanza. Mke wangu alikata sukuma yote, akaijaza kwenye magunia, akaipeleka mwenyewe kwa punda wa kukodi. Ilipikwa, ikaliwa, ikaisha. Aliporudi alisema, "Wameomba nyingine," na hakusema zaidi, kwa sababu ananijua.

Sikuzungumza na Dereva kwa majuma kadhaa. Nilifanya kazi nikiwa nimempa mgongo. Uji ulikuja kikombe kimoja. Siku moja niliinua kichwa nikaona, kupitia lile pengo, viazi vyake vya kizungu. Alikuwa amevipanda mahali maharagwe yalipokufia, na vilikuwa vimestawi, ila mashina matatu pembeni yalikuwa yamelegea mchana ingawa udongo ulikuwa na unyevu. Nilijua ni nini. Ni mnyauko, ugonjwa unaokaa udongoni na kusafiri na maji. Ukiyang'oa mashina hayo mapema pamoja na udongo wake, unaweza kuokoa mengine. Ukichelewa, hakuna kitu.

Sikumwambia. Nilimwona akija na ndoo, akidhani ni kiu, akiyamwagia maji, na maji yakishuka mtaroni hadi kwenye mashina mengine. Nilisimama nikamtazama. Kesho yake pia. Nilihisi utamu fulani ambao sitaupamba hapa kwa jina zuri. Nilijiambia kwamba yeye alinyamaza kwanza.

Siku ya nane karibu nusu ya shamba ilikuwa imelala. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, ndoo kando yake, amejiinamia. Nilivuka ua. Sikuwa nimewahi kuvuka upande huo bila yeye kuniita. Nilichimba kiazi kimoja, nikakikata kwa panga, nikakiminya. Usaha mweupe ukatoka kwenye duara lililo ndani ya ganda lake. Nikamwonyesha.

"Ni mnyauko," nilisema. "Maji yameusambaza."

Alikishika kile kiazi, akakitazama.

"Umeona lini?"

Ningeweza kumdanganya. "Juma lililopita. Yalikuwa mashina matatu."

"Matatu."

"Ndiyo."

Alikigeuza kile kiazi kiganjani. Nilingoja anitukane; nilitamani anitukane, tuwe sawa. Lakini hatukuwa sawa, na hesabu yake haikuhitaji kamba. Yeye alinyamaza ili nisiumie. Mimi nilinyamaza ili aumie.

"Mke wangu," akasema mwishowe, "angekutupia hiki kichwani." Akakiweka chini. "Lete jembe lako. La kwangu limelegea mpini."

Tuling'oa siku mbili. Tulichimba shimo mbali na mtaro, tukafukia kila kitu, mashina na viazi na vile vidogo kama gololi ambavyo roho inauma kuvitupa. Hatukuongea sana. Nilimwambia asipande viazi wala nyanya pale kwa misimu kadhaa, apande mahindi. Alisema amesikia. Nilimwomba msamaha pia, siku ya pili, tukiwa tunaosha majembe, kwa sentensi fupi. Alisema, "Mm," na akaniambia nimeacha udongo kwenye shingo ya jembe, ugonjwa utavuka nami hadi kwangu. Alikuwa sahihi. Nikaosha tena.

Sasa anakuja kama zamani, na mara nyingine mimi ndiye ninayevuka. Hajajifunza kulima. Mwezi uliopita alipanda karoti kwa kina cha kidole kizima, nikamwambia hazitaota, akasema ardhi itajua la kufanya. Hazikuota. Niliona nafasi yangu, nikamweleza kwa urefu juu ya mbegu ndogo na nguvu ya kuchipua, na yeye alisikiliza hadi mwisho, kisha akaomba kile kitabu changu. Alikitumia kukinga sufuria ya chai ya moto isichome meza. Nilikitazama pale chini ya sufuria, jalada lake likianza kujikunja, nikanywa chai.