Susan Hakuitika

Nilipomwambia dada yangu kwa simu kwamba naenda Houston kuzamia, aliguna. "Bakari, uzamie tena? Si ulishafika Marekani?" Nikamweleza kuwa huku ni kuzamia ziwani, mtungi wa hewa mgongoni, na kibali cha kazi ninacho. Sababu sikumficha. Katika klabu ya kwanza, Dallas, niliulizwa mwenza wangu wa majini ni nani. Nilipomwonyesha Idi na kusema ni mwenza wangu wa nyumbani pia, watu wakahamia upande wa pili wa bwawa. Basi sisi wa LGBTQ tukaanzisha kikundi chetu: watu watano, hodari wa kukaribishana chai, ila kukiendesha hatujui. Wenzetu wa Houston walijua.

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka Irving, pembeni ya Dallas, tukampitia Nyambura, nesi Mkenya anayekaa DeSoto. Nilihesabu mitungi mara mbili, watu mara mbili. Njiani Nyambura akaniomba nimwandikishe kwa jina la Susan. Akina mama wa kanisani kwake wana kikundi cha WhatsApp; picha ya orodha ingefika kwao Nakuru kabla hajavua suti ya kuzamia. Nikamkubalia, nikajiona mkarimu kuliko wote Texas.

Saa nne tulifika ziwani, nje kidogo ya Houston. Lilikuwa shimo la zamani la kuchimba mawe, maji yake ya kijani. Mwenyeji wetu, Kavira, mwanamke wa Kongo anayefundisha kuzamia, alitupokea pamoja na mkewe na bakuli la maandazi. Nikaomba tukae chini ya maji dakika arobaini. Akasema ishirini na tano. Tukapatana ishirini na tano.

Tulipopanda tena kwenye jukwaa la mbao nilihesabu vichwa: saba, sisi watano na wenyeji wetu wawili. Nikarudia: saba. Nikatangaza tumetimia. Kavira hakunijali. Wageni wengine walikuwa wamejaa pale, na ndani ya suti nyeusi sote tunafanana. Akaanza kuita majina kutoka kwenye kibao cha plastiki. Akaita Susan. Nyambura alikuwa anatetemeka, anakamua nywele. Jina lile halikumgusa. Nami niliyeliandika nilikuwa nageuka huku na huku kumtafuta huyo Susan.

Kavira alikwisha kung'ata kifaa cha kupumulia, anataka kujitosa, ndipo Nyambura akashtuka.

"Susan ni mimi," akasema. "Pole, dada. Jina langu ni Nyambura."

Kavira akakitoa kifaa mdomoni. "Maman, mi nilikuwa naenda kukutafuta kule chini, na hewa yangu iko kidogo."

Nyambura akauliza, kwa sauti ya chini, orodha ile huwa inapelekwa wapi. Kavira akachota mchanga, akakisugua kibao majini mpaka majina yote yakafutika. Kisha akampa penseli.

"Andika wewe mwenyewe."

Baada ya mshuko wa pili, Nyambura aliitika kabla jina halijaisha kutamkwa.

Jioni, tukirudi kaskazini, Idi akiendesha, hakuna aliyenitania kuhusu hesabu zangu, na hilo liliniuma zaidi. Nilidhani kumkaribisha mtu ni kumsaidia kujificha. Lakini kuna mahali ambapo aliyejificha vizuri hapatikani hata akitafutwa.

Wiki iliyofuata, kwenye bwawa la Richardson, kibao alishika Nyambura. Aliniita mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilinyoosha mkono tu bila kuitika.