Mtungi wa Mama Bravin

Huko mlimani Sagalla sherehe hujulikana kwa mitungi. Maji ni shida, kwa hivyo mwenye jambo haachwi ayateke peke yake. Siku moja kabla, kila mama jirani hupitisha mtungi wake, akautua uani, akaenda zake. Hakuna anayeombwa. Ukitoka nje jioni ukaukuta ua umejaa mitungi ya plastiki ya manjano, unajua kesho utakuwa na watu.

Ijumaa ile Wakesho alitoka nje mara nyingi. Mitungi iliyokuwa uani ni yake tu, aliyoijaza mwenyewe tangu alfajiri.

Binti yake Shanice alikuwa amefuzu uaskari, na kesho yake angefika nyumbani. Mchele ulikuwa umechambuliwa, kuku wawili wamefungwa miguu. Lakini tangu mwaka uliopita, pale mlimani askari hawatajwi kwa wema. Siku ya maandamano, Bravin, mwana wa jirani yake Risper, aliteremka Voi na bodaboda yake kutafuta abiria. Yeye hakuandamana. Alirudishwa ndani ya sanduku. Risasi iliyomuua ilitoka kwa nani, mpaka leo hakuna aliyejibu.

Shanice wakati huo alikuwa anauza viatu sokoni, na msibani alilia kama wengine. Watu hawakulihesabu hilo. Kwenye foleni ya maji Wakesho alisikia mtu akisema nyuma yake, "Kama si yeye, ni wenzake." Alipogeuka, kila mmoja alikuwa akiutazama mtungi wake.

Simu ikalia.

"Mama, kesho nakuja na sare. Nataka tupige picha mimi na wewe."

"Njoo na gauni, mwanangu."

"Unanionea haya?"

"Nakuogopea."

Ilikuwa kweli, ila si kweli yote, na mtoto alijua. "Sawa, Mama," akasema, akakata.

Majirani wote walikuwa wakimtazama Risper. Yeye akija, wangekuja. Wakesho akajifunga leso, akavuka njia.

"Hodi, Mama Bravin." Jina lilikuwa la marehemu, lakini angemwitaje tena?

"Karibu. Nasikia una sherehe."

"Sherehe gani, mwenzangu. Ni chai tu."

"Chai yenye kuku wawili. Nawasikia kutoka hapa."

Wakesho alikaribia kucheka. Mgongoni mwa Risper, mtoto aliyeachwa na Bravin akaanza kulia. Risper akampigapiga bila kufikiri.

"Nyamaza. Nyamaza, askari atakuja."

Mkono wa Risper ukasita. Ndivyo watoto wa pale walivyotulizwa tangu zamani, tangu siku ambazo askari walipanda mlima kutafuta waliokwepa kodi ya mkoloni. Wakesho mwenyewe alitulizwa hivyo na nyanyake.

"Hata mimi nilikuwa nikimwambia Shanice hivyo," akasema.

"Basi hakusikia," Risper akajibu.

Wakesho akarudi kwake bila kusema kilichompeleka.

Asubuhi aliukuta mtungi mmoja kando ya ua. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea zamani, na mdomo ulizibwa kwa kipande cha tyubu ya pikipiki. Aliujua. Akangoja mingine, haikuja. Akauzunguka mtungi ule akiuwaza. Siku ya mazishi ya Bravin yeye Wakesho alimpelekea mmoja. Labda Risper alikuwa anarudisha tu, ili baina yao kusibaki kitu.

Shanice alifika na gauni la kitenge, sare imekunjwa ndani ya begi. Akautazama ua.

"Wageni je?"

"Wamechelewa."

Walipika pamoja kwa maji ya Risper, wakala wawili tu, na sufuria ikabaki kama haijaguswa. Picha hawakupiga.

Chombo cha watu hakirudi kitupu. Jua lilipoanza kushuka Wakesho akajaza bakuli wali na kuku, akalifunika kwa kitambaa.

"Nitapeleka mimi," Shanice akasema.

"Acha, mwanangu. Nitapeleka."

Lakini Shanice alikuwa ameshauinua mtungi, bakuli mkono wa pili.

Wakesho alisimama kwenye ua akitazama. Risper alitokea mlangoni. Alipokea bakuli, akapokea mtungi. Hakusogea kumpisha Shanice apite, wala hakufunga mlango. Walisimama hivyo, na kama walisemezana, maneno hayakufika. Kisha mtoto akalia, kilio cha kuogopa mgeni, na Wakesho akaushika waya wa ua kwa mikono yote miwili.

"Nyamaza," sauti ya Risper ikapanda. "Nyamaza, nyamaza."

Wakesho akangoja neno linalofuata.

Halikuja. Mtoto aliendelea kulia, na Risper akaendelea kumpigapiga.