Mashahidi Wawili wa Bao Moja

Tulikuwa watatu: mwalimu mstaafu, mwenye mashine ya fotokopi karibu na soko, na mimi. Kila Jumamosi mchana tulikutana katika chumba cha parokia, hapa Likasi, tukiandika upya matokeo ya zamani ya ligi ya mji wetu: nani alicheza, nani alifunga, nani alikosekana. Hakuna aliyetutuma wala aliyetulipa. Karatasi za mechi tulizipata kwa wajane, kwenye masanduku ya nguo, nyingine zimeliwa na panya hadi katikati ya timu.

Mimi ndiye niliyekuwa mkali. Ukiwasikiliza wazee wetu, hakuna aliyewahi kupiga mpira nje. Kwa hiyo niliweka sheria: jina lililo kwenye karatasi ya mechi halifutwi mpaka wapatikane mashahidi wawili wasiokaa nyumba moja. Wazee wengi niliwarudisha kwao wamenuna, na usingizi wangu haukupungua hata kidogo.

Niseme ukweli, niliingia kazi hiyo kwa ajili ya bao moja. Marehemu baba yangu alikuwa mchezaji wa akiba maisha yake yote, lakini siku niliyozaliwa alifunga bao la ushindi katika fainali. Nilikua nikiitwa mtoto wa kombe. Baba aliniacha nikiwa bado shule, hakutuachia nyumba wala shamba, na bao hilo ndilo lililokuwa urithi wangu. Siku nilipoliona jina lake kwenye karatasi ya fainali, nililia mbele ya wenzangu bila haya.

Kisha baba mdogo akaja. Ndiye mdogo wake baba, amezeeka akivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe, na kifua chake sasa kinafanya kelele hata akiwa ameketi. Alikuwa amesikia kwamba orodha yetu itabandikwa parokiani. Alivua kofia, akaikunja magotini.

"Mutoto wangu," alisema, "ile bao ya fainali nilitiaka miye. Lisansi yangu, ile karata ya kuruhusu kucheza, ilikuwa haiyatoka, njo nikacheza na lisansi ya baba yako. Tulifananaka sana. Kama wangejua, wangetunyanganya kombe."

"Baba amekufa, hawezi kukujibu," nilimwambia. "Kwa nini hukusema akiwa hai?"

"Nilimuachia. Lakini sasa kifua iko inanimaliza. Sitaki kwenda na hii neno ndani."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kuna watu hawatosheki hata na sifa za marehemu. Akavaa kofia yake, akaaga kwa adabu, akaenda taratibu akishika ukuta. Mwalimu alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi mjinga.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua maharage. Nilimweleza yote kwa hasira, nikingoja akasirike pamoja nami. Mama aliendelea kutoa vijiwe, kimoja kimoja.

"Baba yako alikuambiaka siku moja kama alitia?" aliuliza.

Nilifikiri. Majirani walisema, wachezaji wenzake walisema. Baba alicheka tu, akaniinua mabegani.

"Siku ile hakugusaka mupira," mama alisema. "Alikuwa ku materinite na miye tangu asubui. Ulikuwa umekaa vibaya mu tumbo, masista walikuwa banaogopa. Walimufukuza, akakwenda kusimama inje, chini ya dirisha. Kila nikilia, alikuwa ananijibu. Kelele ya stade ilifika mpaka pale, hakuenda."

"Na kwa nini mliniacha niamini?"

"Tulifichaka juu ya kombe, wasitunyanganye. Kisha weye ulikuwa unafurahi."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nilikuwa na mashahidi wawili, nyumba mbili tofauti, na sheria ilikuwa yangu mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nilimwendea baba mdogo Kakontwe nikiwa na daftari. Nilimwomba msamaha kwa magoti, nikafuta jina la baba kwenye bao mbele yake, nikaandika lake, na la baba nikalishusha kwa wasiocheza. Alilitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ninaumia, nikasema ndiyo, akanishika mkono.

Niliporudi parokiani, mwalimu alipitia ukurasa. Katika daftari letu, kila mchezaji aliyesajiliwa na asicheze huandikiwa sababu: jeraha, adhabu, zamu kazini. Pembeni mwa jina la baba palikuwa patupu.

"Tuandike nini hapa?" aliuliza.

Nilichukua kalamu, nikaandika mwenyewe: *Alikuwa ananingoja.*