Mume Wangu Alivaa Raba Zangu Masika Yote, Kisha Akazikana Mkutanoni

(Mwandishi wa barua hii ametuomba tufiche jina lake na la kijiji chake. Maneno ni yake mwenyewe.)

Ndugu wasomaji, shikamooni wakubwa zangu. Nina miaka ishirini na moja, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miezi tisa ambaye bado ananyonya. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona nimekosea kuandika mnivumilie. Naishi kijiji kimoja cha Ujamaa huku milimani, Lushoto, na ninayoandika hapa nayaandika sina woga tena.

Kijijini kwetu tuko wanawake sita tunaoshona viatu katika kibanda cha kijiji. Fundi mmoja alikuja akatufundisha, akaondoka, sisi tukaendelea. Ngozi za ng'ombe tunaziloweka wenyewe katika maji ya magome ya miti ya miwati mpaka zinakuwa nyekundu na laini. Tunatengeneza raba za ngozi za wanaume. Ngoja niwaeleze zilivyo, tena kwa haki, maana si kazi ya kujisifia. Hazina urembo wowote. Juu ni kipande kimoja cha ngozi, nyuma mshono mmoja, kamba matundu manne, chini soli bapa ya tairi. Wiki ya kwanza zinambana mtu kidole cha mwisho. Mvua ikiwa kubwa, maji hupenya kwenye mshono wa nyuma, hilo nakiri. Lakini hazitelezi kwenye udongo wetu, zinakauka upesi jikoni, na bei yake hata mpagazi anaimudu.

Mwenyekiti wa kijiji alisema hawezi kuziweka dukani kabla hazijajaribiwa. Avae mwanamume anayeshuka na mzigo sokoni Mombo, kule bondeni, masika yote, kisha aje aseme mbele ya mkutano. Zikifaa tunabaki na kibanda chetu. Zisipofaa, kibanda kinakuwa ghala la mbolea, nasi turudi majumbani.

Akachaguliwa mume wangu, kwa sababu kila wiki hushuka Mombo mara mbili na tenga la kabeji. Nilifurahi jamani! Nikamshonea jozi kwa mkono wangu, mtoto mgongoni.

Mume wangu ana viatu vya raizoni alivyonunua Tanga, vina visigino virefu kama matofali. Siku ya kwanza akatoka na hivyo. Nikamuuliza, "Baba Elia, na zile za kujaribu?" Akasema, "Nimeziweka kwenye tenga, nitavaa mbele." Nikadhani ananidanganya.

Wiki ya pili nilikwenda kuchuma magome ya miwati karibu na kona ya barabara. Nikamwona. Amekaa juu ya jiwe, anazivua zile raizoni, anazifunga kwenye mfuko wa nailoni, anavaa raba zangu, anakaza kamba vizuri, anashuka mbio na tenga kichwani. Jioni akabadilisha pale pale, akapita milangoni mwa watu akigonga visigino. Nilicheka peke yangu. Nikasema moyoni, mwache, mwanamume naye ana aibu zake. Masika yote nilimwachia hiyo siri yake.

Siku ya mkutano mwenyekiti akamwuliza, "Haya ndugu, tuambie. Zinafaa au hazifai?"

Mume wangu akasimama, raizoni miguuni. "Mwenyekiti, nilizivaa siku moja tu. Zinaingiza maji kama chujio. Hizo ni za watoto wa shule. Mwanamume mzima hawezi kushuka Mombo nazo."

Mama Rehema, mkubwa wa kikundi chetu, akadakia, "Siku moja? Na masika yote ulishukaje na hayo matofali, ulipaa?"

Watu wakacheka, vijana wakapiga miluzi. Mimi nilimtazama mtoto tu. Mwenyekiti akasema uamuzi utatolewa Jumapili ijayo baada ya ibada, na mwenye la kusema ajiandae.

Nyumbani nikamwambia, "Nilikuona kwenye kona, Baba Elia. Si mara moja."

Akaanza na Kishambaa, maana akikasirika Kiswahili humkimbia. Alipotulia akasema, "Ulitaka niseme nini? Kwamba mke wangu ndiye anayenivisha miguu? Tayari Mombo wananiuliza siku hizi nani anavaa suruali kwangu."

"Lakini zinafaa au hazifai?"

Akasema polepole, "Zinafaa. Mgongo hauniumi tena." Halafu akanyoosha kidole. "Ukithubutu kusema hayo mkutanoni, urudi kwa baba yako, na mtoto abaki hapa."

Ndugu zangu, nampenda mume wangu. Ni mchapakazi, hajawahi kunipiga. Lakini mtoto anayenyonya haachwi kwa mtu, hilo halijadiliwi. Na kibanda kile si changu peke yangu, kuna wenzangu watano wanaokitegemea, na Mama Rehema ni mjane.

Raba zenyewe ninazo. Nilizitoa uvunguni, soli ya kushoto imelika upande kwa sababu ndivyo anavyotembea, kila mtu hapa anajua mwendo wake. Tope jeupe la Mombo bado limeganda kwenye kamba. Sikulifuta, na sitalifuta.

Msiniandikie kwamba nivumilie. Kuvumilia nimeshavumilia masika yote. Kusema nitasema. Ninachouliza ni hiki kimoja: Jumapili niziweke mezani kwa mwenyekiti watu wote waone, au asubuhi ile nimwekee mume wangu mlangoni, nizifiche raizoni, nimwambie, "Vaa hizi, twende pamoja, ukaseme mwenyewe"? Nishaurini, nifanye lipi?