Kwenda Bujumbura Kumbeba Mtoto wa Rajabu

Niliitwa Bujumbura nikatoe kifua. Mtoto wa kwanza wa mdogo wangu Rajabu, fundi magari wa mtaa wa Kinama huko, alizaliwa kabla ya miezi yake, na dawa yake kubwa ilikuwa joto: abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Mama yake, Zaituni, alikuwa amejifungua kwa upasuaji, akapatwa na homa. Wanaume huingia wodi walimolazwa saa ya kutazama wagonjwa tu. Basi shangazi nikafunga mzigo.

Alfajiri niliondoka Kigoma. Manyovu, mpakani, mvua ya mlimani ilinikuta kwenye foleni. Kufika Nyanza-Lac, napiga chafya. Rumonge, penye harufu ya mawese, abiria mwenzangu alinipa tangawizi na kunishauri chafya zangu nizimalizie garini. Kutoka hapo barabara ilifuata ziwa, nami nikashika leso.

Jioni nilishukia Ngagara, ndani ya Bujumbura. Rajabu alinipokea na gari la mteja. Alidai anajaribu breki.

Asubuhi, mlangoni mwa wodi, nilivua bangili, nikanawa hadi viwiko, nikapiga chafya. Muuguzi mkuu, mama mfupi mwenye sauti ya chini, akanizuia.

"Apana, mama. Mafua haiingii hapa."

Nilimweleza nilikotoka. Akanipa pole, asinipishe. Nyuma yake Zaituni alikuwa amelegea kitandani, na muuguzi alisema miguu ya mtoto imeanza kupoa.

Rajabu, aliyenisindikiza, akasogea, akasema, "Mama, mi si mugeni. Mi niko baba yake."

Muuguzi alijibu kwamba kanuni inawasitiri akina mama waliolazwa. Wako vifua wazi. Kisha akageuka, akawauliza wenyewe. Wakacheka. Mmoja akakubali, mradi mwanamume aelekee ukutani.

"Fundi," akadakia mwingine, "ondosha kwanza mafuta ku makucha."

Alisugua mpaka vidole vikawa vyekundu. Khanga yangu ikatundikwa iwe pazia, naye akaketi kuelekea ukutani, mtoto kifuani. Kabla ya adhuhuri muuguzi alishika tena miguu ya mtoto, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia Zaituni alale.

Nilirudi Kigoma bila kumshika mtoto. Nilimwona kupitia kioo tu. Tulikuwa tumetafuta kifua ng'ambo ya mpaka, na chenye haki zaidi kimesimama mlangoni. Kumbe kanuni nzuri nayo huhitaji kuulizwa inamlinda nani.

Siku naondoka, Zaituni alikuwa ameketi, anakula. Ukutani walikuwa akina baba watatu, watoto vifuani, wanabishana mpira kwa kunong'ona.